Simu kapuni, macho ukutani: kuendesha usiku wa filamu Mwanza

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha Kirumba, Igoma, Nyegezi au ng'ambo ya Busisi kinachotaka kukaa na watu 40 gizani na kutazama filamu moja mpaka mwisho, bila mtu kuinamia simu. Filamu zenyewe ni za waongozaji wenye mashabiki kindakindaki: kazi zao nyingi hazikujaza kumbi siku ya kwanza, lakini zikapata watu wa kuzirudia miaka 40 na 50 baadaye. Banda umiza la kawaida, lile la video la mtaani, linatosha kabisa. Kinachobadilika ni mpangilio, na mpangilio unaanza kwa kujua mnashindana na nini.

Simu janja inamshika mtu kwa sababu imeondolewa mahali pa kuachia. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa unaoteremka bila kufika chini, na miaka baadaye alijitokeza hadharani kuujutia. Video ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Ujumbe nao unaingia bila ratiba, na hapo ndipo penye mtego mkubwa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa kwamba chakula kinapotoka kwa kubahatisha, njiwa hudonoa kitufe kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko kinapotoka kila mara. Anayechungulia kioo kila dakika tatu anadonoa vivyo hivyo. Kumwambia aiweke simu kimya hakumsaidii, maana sasa hajui kama kuna kitu kimeingia, na hamu ya kuchungulia inaongezeka.

Filamu ina mwanzo na ina mwisho. Kazi yenu usiku huo ni kuvilinda vyote viwili.

Kuchagua filamu nne za mwanzo

Msianze na ngumu. Anzeni na jirani: Nabwana Isaac Geoffrey Godfrey wa Wakaliga, Kampala, na filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?. Ni ya mapigano, imetengenezwa kwa fedha kidogo mno na majirani wa mtaa mmoja, na ndani yake msimulizi VJ Emmie anasikika akichekesha, akisifia na kutambulisha wahusika mwanzo hadi mwisho. Watu wa Mwanza waliokulia kwenye filamu zilizotafsiriwa na madijei wataielewa tangu dakika ya kwanza. Mashabiki wake wametapakaa dunia nzima, na wengi wao hawajawahi kufika Afrika.

Usiku wa pili wekeni Touki Bouki (1973) ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, ambaye katika maisha yake alikamilisha filamu ndefu mbili tu. Mhusika wake Mory ni mchunga ng'ombe anayeendesha pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe, akiota kwenda Paris na mpenzi wake Anta. Kwenye mji wa bodaboda uliozungukwa na wafugaji wa Kisukuma, hiyo picha haihitaji maelezo. Onyo moja: inaanza kwa machinjio ya kweli, ng'ombe akichinjwa mbele ya kamera, na ina sehemu za watu wazima. Semeni hivyo mlangoni.

Wa tatu ni David Cronenberg wa Kanada, Videodrome (1983). Mwenye kituo kidogo cha televisheni mjini Toronto ananasa matangazo ya siri, na matangazo hayo yanaingia mwilini mwa anayeyatazama. Iliandikwa kabla ya simu janja, lakini baada ya filamu hii mazungumzo kuhusu simu huwa hayahitaji kusukumwa. Ni ya watu wazima pekee, bila mjadala.

Wa nne ni David Lynch, aliyefariki Januari 2025. Eraserhead (1977) ina dakika 89, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na ilimchukua karibu miaka mitano kuitengeneza. Mkiiweka usiku wa kwanza, nusu ya watu hawatarudi. Ikija ya nne, watazamaji wameshazoea kukaa na kitu wasichokielewa papo hapo.

Kila filamu ionyesheni mara mbili ndani ya mwezi huo huo. Hili wengi wanaliona upotevu, nasi tunalitetea kwa nguvu zote. Desemba 1970 ukumbi wa Elgin, New York, ulianza kuonyesha El Topo ya Alejandro Jodorowsky saa sita usiku, karibu bila matangazo, na watu wakarudi usiku baada ya usiku kwa miezi, kila mmoja akija na rafiki. Ushabiki wa namna hiyo hujengwa na kurudia. Anayetazama mara ya pili anaona mikono, anaona ukuta wa nyuma, anasikia kilichompita.

Vibali

Fanyeni hili mwezi mzima kabla. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kuonyesha filamu hadharani, na Bodi ya Filamu ndiyo inayopanga daraja la umri. Anzieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, kwa mfano Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea ukumbi uko wapi. Hakimiliki ni jambo jingine kabisa: mwandikieni mwenye filamu au msambazaji wake kuomba ruhusa ya onyesho la hadhara, na maswali ya hapa nchini yapelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Filamu kuwa bure YouTube hakumaanishi mmeruhusiwa kukusanya watu na kutoza kiingilio, na akaunti ya filamu ya nyumbani ni ya nyumbani. Watengenezaji wadogo mara nyingi hufurahi kuandikiwa. Waelezeni idadi ya viti, tarehe na kiingilio.

Tarehe na saa

Jua la Mwanza huzama karibu saa 12:50 jioni, likipishana takribani robo saa mbele au nyuma mwaka mzima. Fungueni mlango saa 1:00 usiku, filamu ianze saa 1:30. Usiku wa manane uliwafaa New York; kwetu mtu anawaza hiace ya mwisho, na anayewaza usafiri hatazami filamu.

Chagueni wiki ya mwezi mpevu. Kwanza, wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwenye giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wengi wao wako nchi kavu. Mkipanga siku za giza mmewafungia nje watu wa mwaloni. Pili, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi hutoka zaidi mwezi ukiwa mwandamo, na mwanga wa projekta unawaita moja kwa moja. Hata hivyo wekeni wavu madirishani, na nje, hatua 15 kutoka mlangoni, washeni taa moja kali ya chambo. Ndani pasiwe na taa nyingine yoyote inayoshindana nayo.

Machi hadi Mei epukeni ukumbi wa bati usio na dari. Mvua ikipiga bati hakuna spika inayoishinda. Kama ni lazima, wekeni filamu yenye maandishi ya tafsiri ili watu wasome.

Picha

Kwa watu 40 picha yenye upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25 inatosha. Gizani kabisa inahitaji mwanga wa lumeni 500 za kweli. Ikiwa na upana wa mita 3, karibu 900. Tatizo ni kwamba projekta nyingi za bei rahisi zimeandikwa namba kubwa zisizo na kipimo chochote nyuma yake. Tafuteni namba iliyoandikwa ANSI au ISO kando yake. Ikiwa haipo, msinunue kabla ya kujaribu: zimeni taa dukani, ivuteni picha hadi mita 2.2, wekeni ukurasa mweupe wenye maandishi madogo, kisha someni kwenye pembe nne. Pembe zikiwa na ukungu wakati katikati pako wazi, lenzi ni dhaifu na hakuna kurekebisha. Projekta ya ofisi iliyotumika, ya lumeni 2,000 au zaidi, mara nyingi ni bora kuliko mpya ndogo inayong'aa kwenye boksi. Nyingi za aina hiyo hukaa umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 3.3 kwa picha ya mita 2.2. Pimeni kabla ya kupigilia msumari wowote darini.

Shuka jeupe linapitisha mwanga. Picha inafifia na upepo unaitikisa. Kama hamna jinsi, nyuma yake shoneni kitambaa cheusi kizito na pindo la chini lipitishiwe nondo nyembamba. Bora zaidi ni ukuta uliopigwa plasta laini na rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Rangi ya mafuta inarudisha mwali machoni. Chorea fremu nyeusi ya sentimita 10 kuzunguka picha: jicho litaona weusi wa filamu kuwa mweusi zaidi, na gharama ni kopo dogo tu.

Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya mbele vitakula maandishi. Benchi la kwanza likae mita 3 na ushee kutoka ukutani, la mwisho lisizidi mita 9. Benchi la mita 2.4 ni la watu watano. Wakibanwa sita, mmoja atatoka nje dakika ya 40 na kuwatoa wengine wanne.

Sauti

Sabufa ya nyumbani ikiwekwa pembeni mwa chumba inavimbisha besi na kuyazika maneno. Iondoeni pembeni, punguzeni besi hadi nusu, spika ndogo ziwekeni kushoto na kulia kwa picha, kwenye kimo cha masikio ya aliyekaa, zikiwa zimeelekezwa benchi la tatu. Kisha fanyeni jaribio hili ukumbi ukiwa mtupu: chezesheni sehemu ya kunong'ona, mtu mmoja akae benchi la mwisho. Akikosa neno, ongezeni sauti hadi alisikie, kisha ongezeni kidogo tena, kwa sababu miili ya watu 40 inameza sauti.

Eraserhead ni mtihani wa pekee. Chini ya karibu kila tukio pana mvumo mzito usiokatika, na mvumo huo utatikisa kila kilicholegea: vioo vya dirisha, kipande cha bati, kifuniko cha sabufa yenyewe. Pitisheni dakika kumi za filamu kwa sauti kubwa mchana, mtembee na mkono ukigusa kimoja kimoja. Kinachotetemeka kibaneni kwa mpira wa tyubu au karatasi iliyokunjwa. Kinachobaki kikilia kitamtoa mtazamaji kwenye filamu kama simu.

Umeme

Fanyeni hesabu kwa kalamu. Projekta ya taa ya kawaida wati 250, kompyuta 60, spika 60: jumla wati 370. Saa mbili ni wati-saa 740. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1,200, lakini haifai kuitumia chini ya nusu, na inveta inakula kama sehemu moja ya saba ya kinachobaki. Mnabakiwa na 510 hivi. Haitoshi. Projekta ya LED ya wati 100 inashusha jumla hadi 220, na betri hiyo hiyo inafika saa mbili na robo. Kwa hiyo ama mnunue projekta kwa kuangalia betri, ama mfunge betri mbili.

Umeme ukikatika ghafla kwenye projekta ya taa, feni inasimama wakati taa bado ni moto, na taa hufa mapema. UPS (kisanduku chenye betri ya dharura) ya 650 VA kati ya projekta na ukuta inawapa dakika chache za kubadilisha chanzo bila picha kukatika. Jenereta ikae nje, angalau mita 15, upepo ukiuondoa moshi ukumbini. Kamwe isiwekwe varandani wala chumba cha jirani: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua bila kukuonya. LUKU itazameni mchana, siyo saa 1:25.

Faili na maandishi ya tafsiri

Msitegemee bando usiku huo. Filamu iwe kwenye kompyuta, na nakala ya pili kwenye flashi. Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ifomatini kwa exFAT. Pachikeni waya wa HDMI moja kwa moja kutoka kompyuta hadi projekta, maana kichezeshi cha ndani ya projekta za zamani hushindwa mafaili mapya, sauti ikitoka bila picha. Itazameni filamu nzima kwenye ukumbi ule ule na waya ule ule, siku moja kabla.

Maandishi ya Kiswahili mtayaandika wenyewe, na hii ndiyo kazi inayostahili muda wenu kuliko zote. Programu ya bure ya Subtitle Edit inatosha. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 38 hivi, na msomaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 15. Mistari miwili iliyojaa inahitaji sekunde tano. Mhusika akisema haraka, msijaribu kutafsiri yote. Chukueni kinachosukuma tukio mbele, mengine uso wake utayasema. Msikate mstari katikati ya kitenzi na mtendwa wake. Herufi ziwe nyeupe zenye ukingo mweusi, kimo cha sentimita 6 ukutani. Hifadhini kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, jina la faili lilingane na la filamu, na VLC, programu ya kuchezesha video, italichukua lenyewe.

Maandishi yakiwahi au yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, vitufe vya G na H kwenye VLC vinarekebisha. Yakianza sawa na kuachana kidogo kidogo, mara nyingi faili la filamu lina picha 25 kwa sekunde na maandishi yalipimwa kwa 23.976, na kufikia dakika ya 90 pengo ni karibu dakika nne. Hapo rudini Subtitle Edit mbadilishe kasi.

Mkiwa na mtafsiri wa mdomo mzuri, mpeni onyesho la pili la filamu, siyo la kwanza. Akae pembeni na maiki yake, aongee kwenye mapengo, na ajue mahali pa kunyamaza. Kwa Lynch ukimya ni nusu ya kazi, na dijei asiyeuvumilia ataibomoa.

Simu

Mpeni fundi cherehani kitambaa cha turubai cha mita moja kwa mita moja hivi kiwe mgongo, na kingine cha vifuko. Ashone vifuko 40, safu tano za vifuko vinane, kila kimoja sentimita 10 kwa 19, na namba kwa rangi. Simu 40 zina uzito wa kilo 8 hivi, kwa hiyo pindo la juu lipitishiwe bomba la chuma. Mkitumia kamba itapinda katikati, vifuko vya kati vitafunguka midomo na simu zitadondoka. Mfuko utundikwe ndani ya ukumbi, upande wa picha, mahali ambapo kila mtu anauona. Watu hawaogopi kuachana na simu kwa saa mbili, wanaogopa isipotee.

Kadi zenye namba ziwe jozi: moja kwa mwenye simu, moja kifukoni. Simu izimwe kabisa mbele ya mpokeaji. Wapokeaji wawe wawili na wasiondoke mpaka simu ya mwisho itoke. Sekunde 15 kwa mtu mmoja, watu 40, ni dakika 10, ndiyo maana mlango unafunguliwa mapema.

Wapo wasioweza kukatika: muuguzi wa zamu, mwenye mgonjwa hospitali ya Bugando, mama aliyeacha mtoto, tajiri wa mtumbwi anayesubiri habari. Kwa ajili yao wekeni kitochi kimoja, simu ndogo ya vitufe, mlangoni. Namba yake ibandikwe ubaoni na itangazwe pamoja na tarehe, ili kila mtu aiache nyumbani. Simu ikiita, mpokeaji anaandika jina na benchi, anakwenda kwa kuinama, anamgusa bega mhusika. Bila kitochi hiki watu wazima wenye majukumu hawatakuja, na mtabaki na vijana wasio na wa kuwatafuta.

Msiruhusu simu ya kupigia picha "mara moja tu". Pigeni ninyi picha moja ya ukumbi kabla ya filamu, kwa ridhaa ya waliomo, na muitume kesho yake.

Filamu ikianza

Hakuna mapumziko kwa filamu isiyofika dakika 100, na hakuna kusimamisha ili aliyechelewa aelezwe. Lynch alikataa hata DVD ya Mulholland Drive igawanywe sura, ili mtu asirukeruke. Bisi na karanga ziuzwe kwenye bakuli au gazeti. Mifuko ya nailoni inalia kuliko mnavyodhani. Maji yawepo.

Kuna aina ya shabiki wa kumwangalia mapema: aliyeiona filamu mara nyingi na anataka kila mtu ajue. Atataja kinachokuja, atasema maneno kabla ya mhusika, atamcheka asiyeelewa. Msimfukuze, mpeni nafasi yake. Mwaka 1976 watazamaji wa The Rocky Horror Picture Show huko New York walianza kuijibu filamu kwa sauti, na kuijibu kukawa sehemu ya onyesho. Kwenu kanuni iwe moja: onyesho la kwanza la mwezi ni kimya, la pili kujibu ruksa. Itangazeni kila mara kabla taa hazijazimwa. Mgeni asichekwe kwa swali lolote, na anayemcheka aambiwe pale pale.

Mwisho ndio mara nyingi huharibiwa. Kama hamna budi kuchezesha kutoka YouTube, kwa ruhusa ya wenyewe, zimeni kitufe cha kuendeleza video, la sivyo sekunde chache baada ya picha ya mwisho kitu kingine kitaruka ukutani. Kwenye VLC chagueni isimame filamu ikiisha. Majina yapite yote. Kisha acheni ukuta mweusi dakika moja kamili kabla ya taa, hata kama mtu anakohoa au kuuliza kama umeme umekatika.

Mazungumzo yafanyike kabla simu hazijarudishwa, dakika 20, chai au kahawa mkononi. Swali la kwanza lisiwe filamu ina maana gani. Hilo humpa nafasi mjuaji na kuwanyamazisha wengine. Ulizeni: umeona nini ambacho unadhani jirani yako hakukiona? Aanze wa benchi la nyuma. Baada ya Videodrome ulizeni pia nani aliwaza simu yake, dakika ya ngapi, na nini kilikuwa ukutani wakati huo. Andikeni majibu. Sehemu ikitajwa na wengi, mara nyingi kosa ni lenu: sauti ilikuwa chini, maandishi yalichelewa, joto lilizidi. Rekebisheni kabla ya onyesho la pili.

Simu zirudishwe kwa kuita namba kutoka safu ya chini kwenda juu, ili mfuko usielemee upande mmoja. Projekta izimwe kwa kitufe, na isichomolewe mpaka feni isimame yenyewe. Asubuhi fungueni kichujio cha hewa. Katika ukanda huu kinajaa wadudu wa ziwani baada ya maonyesho machache, na kikiziba projekta itajizima katikati ya filamu kwa joto. Kisugulieni kwa brashi kavu laini, nje ya jengo, na msikirudishe kikiwa na unyevu.